Upande wa Kushoto wa Papa Elie

Ujumbe wa Neema uliingia asubuhi, nikiwa natafuta kitenge cheusi cha kwenda nacho matangani. Ulikuwa ujumbe wa sauti, mfupi. "Shikamoo, mama mdogo. Huku kambini watu wote wanasema wamesaini. Marais wetu wawili, na rais wa Amerika katikati yao. Wanasema barabara ya bonde itafunguliwa na sisi tutarudi. Ni kweli? Nirudi Luvungi?" Neema anaishi katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Sijawahi kumshika mkono. Namjua kwa simu tu, na kwa sauti, kwa kuwa sauti yake ni ya mama yake, na mama yake nililala naye godoro moja hapa Durban, mwaka niliofika. Niliusikiliza ujumbe mara ya pili nimekaa kitandani, kisha nikaiweka simu mkobani bila kujibu. Mtu ambaye ningemuuliza kwanza ndiye tuliyekuwa tunaenda kumlilia.

Matanga ya Papa Elie yalikuwa katika fleti yao ya Greyville, ile inayotazama uwanja wa mbio za farasi. Meza na makochi yalikuwa yametolewa nje. Mama Elie alikaa kwenye godoro ukutani, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekifunga chini kuliko kawaida yake. Wanawake tulimzunguka, wanaume walikuwa kwenye ngazi na chini kwenye maegesho. Dieudo, ambaye siku hizi ana duka la simu na mvi kichwa kizima, aliingia kutoa pole, akachuchumaa mbele ya mjane na kuchomoa simu mfukoni. "Mama, karatasi ya Amerika imetoka. Wiki hii Papa angekuwa ameshatuamsha wote. Tumsomee ya mwisho, aende akiwa ameisikia." Mama Elie aliinamisha kichwa kukubali. Dieudo akanigeukia mimi, na Kiswahili chake cha kwetu, chenye njo badala ya ndiye. "Esta, wewe njo mtafsiri wa kanisa sasa. Simama kushoto." Nikamwambia aniache kwanza nimalize chai. Chai haikuwa sababu. Mahali pale pa kushoto nilipajua kabla sijamtafsiria mtu yeyote, na hapakuwa pangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia katika fleti ya Papa Elie, wakati huo wakikaa South Beach, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikitaka. Chumba cha kulala kilikuwa cha Papa na Mama Elie. Sebule iligawanywa kwa mapazia, na nyuma ya pazia la maua alilala Dieudo, kijana kinyozi asiyejua kunyamaza. Mimi nilipewa nusu ya godoro la Zawadi, kwenye baraza iliyozibwa kwa vioo. Vioo vile vilikuwa na ukungu wa chumvi. Ukivifuta asubuhi, jioni vimerudi vilevile, na kutu ya fremu ilikuwa ikitudondokea kwenye nywele tukilala. Zawadi alinizidi kwa miaka michache, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa. Alisuka nywele katika saluni moja ya barabara ya Umbilo, na siku ya pili tu alinitafutia kiti palepale, akamwambia mwenye saluni kwamba najua kusuka. Sikujua. "Utajua kesho," aliniambia njiani. Alikuwa na binti mdogo, ndiye huyu Neema, aliyemwacha kwa bibi yake Luvungi, katika bonde la Ruzizi, akiwa ndiyo anaanza kutembea. Hakumtaja sana. Ila kila tulipopita kwenye vibanda vya nguo alichukua gauni la mtoto, akalishika hewani, mkono mmoja juu na mwingine chini, akipima urefu wa mtu asiyekuwepo. Mwaka ulivyokwenda, mkono wa juu ulikuwa unapanda kidogokidogo.

Papa Elie alikuwa mwalimu huko kwetu. Hapa alilinda magari ya watu waliokuja kuogelea, amevaa fulana ya kung'aa, na mwisho wa wiki alipita kwenye duka la intaneti kuchapisha karatasi zake. Wamarekani, alituambia, wana desturi ya kuweka kila neno la rais wao: hotuba, barua, simu anazowapigia marais wengine, wageni anaowapokea na kile walichokubaliana. "Banaweka yote, na kila mtu anaruhusiwa kusoma. Hata mimi wa magari." Alisema vita vyetu vinapiganwa porini lakini vinaongelewa kule, na yeye ameamua kusikiliza kule. Sidhani kama aliipenda Amerika kuliko mtu mwingine. Alikuwa mtu aliyetolewa kwenye nyumba yake bila mtu yeyote kumweleza sababu, na alitafuta mahali ambapo sababu zinaandikwa. Sasa nikiwa na umri aliokuwa nao wakati ule, na mimi nikiwa nimeishi nusu ya maisha yangu bila maelezo, namwelewa kuliko nilivyomwelewa nikiwa msichana ninayesinzia baada ya kushiba.

Maana alisoma Jumapili, baada ya ibada, tukiwa tumeshiba. Tulikula sote kwenye sinia kubwa: ugali, sombe, yaani kisamvu, ya mawese, ndakala, dagaa wakavu waliosafiri ndani ya sanduku la mtu kutoka kwetu, na Jumapili nzuri, makayabu, samaki wa chumvi. Sinia haikuondolewa. Papa Elie alinawa, akavaa miwani, akasimama dirishani na karatasi zake, na Zawadi akasimama kushoto kwake. Zawadi alikuwa mtafsiri wa kanisa letu. Wahubiri wageni waliotoka sehemu nyingine za nchi hii walihubiri Kiingereza, naye aliwapa watu Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Mhubiri akipandisha sauti, naye anapandisha. Akipiga hatua mbele, naye hatua. Alinifundisha kanuni moja tu ya kazi hiyo, akiwa ananisuka: "Mtafsiri hana neno lake. Mwenye kusema akinyamaza, na wewe umekwisha." Lakini kanisani watu hawamwitikii mhubiri wasiyemwelewa, wanamwitikia mtafsiri. Yeye ndiye anayesikia ile amina ikimjia usoni. Na ahadi ikitajwa, mtu anafungua viganja na kusema, "Napokea," maana yake neno hilo nimelichukua, ni langu, Mungu atalitimiza. Hivyo ndivyo tulivyojua kusikiliza maneno makubwa. Hatukuwa na namna nyingine.

Wiki nyingi hapakuwa na habari za kwetu hata mstari. Papa Elie alisoma vilevile, ili tuzoee. Jumapili moja alisoma kwamba rais ameletewa bata mzinga kabla ya sikukuu yao na amemsamehe, asichinjwe. Zawadi alitafsiri bila kucheka, kwa sauti ya kanisani, mkono umeinuliwa. "Na rais akasema: ndege huyu ataishi."

"Amina," Dieudo akasema. "Eish. Bata ana karatasi yake. Mimi ofisi ya wakimbizi banasema rudi Jumanne."

"Wewe una kosa gani la kusamehewa?" Mama Elie akamuuliza.

"Kuzaliwa, mama."

"Hilo mwambie mama yako."

Papa Elie alingoja tumalize kucheka, akageuza ukurasa. Nayakumbuka mapaja yangu yakigusana na ya Zawadi aliporudi kukaa, joto la Durban limetubandika, harufu ya mawese na ya bahari pamoja. Nilidhani hayo ndiyo maisha yangu yatakavyokuwa.

Kisha ikaja ile Jumapili. Ilikuwa Februari, na kwetu bondeni mvua ilikuwa katikati. Papa Elie hakula vizuri, aliacha ugali wake na kunawa kabla yetu, na tulipomwona anavaa koti juu ya shati tulijua kuna kitu. Rais wa Amerika alikuwa amekutana na wakuu wa nchi zetu, na tamko la pamoja lilikuwa limetolewa. Alisoma polepole. Zawadi alianza naye polepole. Viongozi wamethibitisha nia yao ya kumaliza mapigano. Amina. Majeshi ya kigeni yataondolewa kwa utaratibu utakaopangwa na kamati ya pamoja. Amina. Barabara zitafunguliwa kwa misaada na kwa raia. Hapo Mama Elie alisimama. Wakimbizi watasaidiwa kurudi makwao kwa usalama na heshima. Namwona bado Zawadi aliposema sentensi ile. Alitafsiri sawasawa, hakuongeza neno, nilikuja kuisoma mwenyewe baadaye nikaona hivyo. Ila sauti ilikuwa imepanda kama inavyopanda Jumapili ya Pasaka, na fleti nzima, hata jirani waliokuja kusimama mlangoni, walikuwa wanamwitikia yeye, macho kwake, viganja wazi. Papa Elie akafika mwisho, akanyamaza. Zawadi alipaswa kuwa amekwisha. Akabaki amesimama, jasho shingoni, akafungua viganja vyake mwenyewe na kusema taratibu, "Napokea."

Wiki ile ile alinunua gauni. Halikuwa la kupimwa hewani, alilileta nyumbani, la njano, lenye mkanda, akalikunja chini ya mto. Papa Elie aliliona, na Jumapili iliyofuata hakusoma kitu. Alimwita Zawadi jikoni na mimi nikawa nachambua sombe palepale.

"Binti yangu, ile ni karatasi ya nia. Wanasema wanataka. Wataunda kamati. Kamati haijakaa."

"Nimeitafsiri mimi, Papa. Najua ilichosema."

"Na permit yako? Ukirudi kwetu, hapa umejifuta. Hawatakupokea tena."

"Kama nyumbani kumetulia, permit ya nini?"

"Ngoja. Ngoja tuone kamati inakaa."

Zawadi aliosha bakuli moja muda mrefu. "Mtoto wangu akinisikia kwenye simu anakimbia, Papa. Anadhani mimi ni mzimu, anamwambia bibi yake sauti ya mzimu imerudi." Mwishowe Zawadi akaweka bakuli chini na kumtazama, akalegea. "Sawa. Barabara ya bonde yenyewe sasa ni matope matupu. Nitangoja mpaka mvua iishe." Papa Elie alimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi, na mimi nikaendelea na sombe, nimefurahi, kwa sababu nilisikia neno nitangoja na sikuyasikia yaliyofuata.

Mvua iliisha. Zawadi aliondoka Juni, asubuhi ya baridi, na begi la magurudumu. Mabasi mpaka Kigoma, kisha boti. Nilikuwa barazani namfungia kamba ya begi, na nyuma ya ukuta nikamsikia Mama Elie akimwambia mumewe, si kwa hasira, "Wewe njo ulimsomea." Na yeye akajibu, "Nilisoma, mama. Kusoma ni kosa?" Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Kusoma ni kosa?" Zawadi alikuwa akivaa viatu. Na yeye alisikia. Alinitazama akaweka kidole mdomoni, kisha akatoka akamkumbatia Papa Elie muda mrefu mpaka fulana yake ya kung'aa ikakunjamana, akamwambia, "Wiki ijayo msomee Esta, asimame kushoto. Anajua." Sikujua. Nilibaki na godoro zima na nililalia nusu yangu ileile.

Alipiga simu kutoka Uvira. Alikuwa anacheka. Amekula mugebuka mbichi wa ziwani, amelala kwa rafiki, kesho yake anapanda gari la kwenda Luvungi, mtoto hajaambiwa, atamvalisha gauni kwanza ndiyo amwambie yeye ni nani. "Huku kumetulia, Esta. Askari barabarani nimewaona, lakini wanasema hao ndio wanaojiandaa kuondoka." Gari lile halikufika. Lilikutwa baadaye kando ya barabara, milango wazi, na watu waliokuwa ndani hawakukutwa. Ni hayo tu. Bibi yake Neema aliuliza vituo vyote, Papa Elie alipiga simu mpaka kadi zikaisha, na hakuna aliyewahi kutuambia zaidi ya hayo. Nimekaa matanga mengi hapa Durban, ya watu niliowajua na nisiowajua. Ya Zawadi hatujakaa. Unakaa vipi matanga ya mtu ambaye hakuna aliyekwambia amekufa? Ndiyo maana kwenye misiba ya wengine watu huniona nalia kupita kiasi na kuulizana kama marehemu alikuwa ndugu yangu.

Jumapili moja baada ya simu zile kunyamaza, tulipomaliza kula, Papa Elie alisimama dirishani na karatasi zake. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa ametafuta, alisema, kila ukurasa wa wiki ile ambayo gari lilipotea, kuona kama kule kumeandikwa kitu. Akasoma Kiingereza chake. Kushoto kwake hapakuwa na mtu. Hakunitazama na mimi sikusimama, tukasikiliza sentensi zikipita juu ya sinia bila kutua, sentensi moja, nafasi tupu, sentensi moja, nafasi tupu, maana aliacha nafasi ileile ya mtafsiri kwa mazoea. Dieudo aliinamisha uso magotini. Kiingereza nilikijua kidogo wakati ule lakini hayo niliyaelewa. Wiki ile rais alikuwa amepokea timu ya mpira iliyoshinda, na alikuwa amesaini sheria ya kuipa posta moja jina la marehemu fulani. Papa Elie alifika mwisho, akakunja karatasi, akasema, "Hakuna." Hakutusomea tena. Lakini aliendelea kusoma peke yake mpaka mwaka huu, kwanza kwa karatasi, kisha kwa simu, miwani imeshuka puani. Mama Elie anasema hata hospitali aliomba simu.

Nimefikiri sana kuhusu mwaka ule, na mahali ninapokwama ni palepale. Hakuna aliyedanganya. Tamko lilisema wana nia, na inawezekana siku ile walikuwa nayo. Papa Elie alisoma kilichoandikwa. Zawadi alitafsiri kilichosomwa. Sisi tuliitikia kama tulivyofundishwa kuitikia, kwa imani, kama kwa Mungu, na wale waliokuwa wanaongea walikuwa watu. Ingekuwa kuna mwongo mahali, ningekuwa na wa kumchukia, na chuki nadhani ingenichosha mapema nikapumzika. Nimebaki na huzuni, ambayo haichoki.

Chai iliisha. Nikasimama kushoto kwa Dieudo, mbele ya godoro la Mama Elie. Dieudo alisoma kwa simu, sentensi moja, akangoja. Nilitafsiri kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Viongozi wamekaribisha. Pande zote zinakusudia. Kamati ya pamoja itaundwa. Kila ilipoandikwa wanakusudia, nilisema wanakusudia, na sikupandisha sauti mahali popote, hata Dieudo alipopandisha yake. Kwenye sentensi ya wakimbizi, mwanamke mmoja kwenye mlango wa jikoni alisema amina, mwenzake akamgusa mkono, akanyamaza. Dieudo alifika mwisho na kuzima simu.

"Imeisha?" Mama Elie akauliza.

"Imeisha, mama."

"Inasema lini?"

"Haisemi."

Aliitazama ile nafasi kati yangu na Dieudo. "Basi Papa angesema tungoje ya wiki ijayo," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tulipofika.

Nilitoka kwenye korido na kumpigia Neema. Upande wake mvua ilikuwa inapiga bati, tukalazimika kupaza sauti. Alinipa pole ya msiba. Nikamwambia ni kweli wamesaini, na nikamwambia kilichoandikwa, neno kwa neno kama nilivyokitafsiri ndani, na kwamba tarehe haipo. Nikamwomba asiende bado.

"Mama mdogo," akasema, "wewe ulikuwa naye. Angekuwa mama, angengoja?"

Nilitaka kumdanganya. Niliangalia chini, wanaume walikuwa wanapanga viti vya kukodi kwenye maegesho, na mmoja wao alikuwa amevaa fulana ya kung'aa.

"Alingoja kidogo tu," nikamwambia. "Nakuomba wewe ungoje zaidi yake."

Kisha ikaja ile sauti, taratibu, imelegea, ya mtu anayekubali.

"Sawa, mama mdogo. Barabara yenyewe wanasema sasa ni matope. Nitangoja mpaka mvua iishe."